Mkono wa Kulia wa Namba Arobaini na Nane

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba Bwana Lukindo aliokota glavu kabla ya kuniokota mimi. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo nimeuegemeza kwenye mguu wa mashine, mkono wa kulia nimeubana kwapani, na gauni langu linazidi kulowa. Bwana Lukindo ni msimamizi wetu. Alinivuka kwa adabu, akainama, akaokota glavu iliyochanika, akaigeuzageuza mpaka akaiona namba. Kisha akatangaza, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira:

"Arobaini na nane ameumia!"

Mimi ni arobaini na tisa.

Nieleze vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari yangu hucheka mahali pasipo pake. Nchi sitaitaja. Sina ubaya nayo, ila sijui ni dirisha namba ngapi mtu anaombea ruhusa ya kuitaja. Kiwanda chetu ni cha taifa, na kinatengeneza vifuniko vya sufuria. Vifuniko tunavyotoa vinatosha kila nyumba ya nchi hii. Sufuria zenyewe zitatoka kiwanda cha pili, ambacho jiwe lake la msingi limekwisha kuwekwa mara nne, na mara zote nne tulipelekwa kushangilia.

Kiwandani mwetu hakuna daftari la mahudhurio. Kuna ukuta wa misumari. Kila mfanyakazi ana msumari wake, na msumarini zimetundikwa glavu mbili zenye namba yake. Saa moja na nusu asubuhi karani hupita akitazama ukuta. Msumari mtupu, mtu yupo. Msumari wenye glavu, mtu hayupo, na siku yake imekwenda. Saa nne Bwana Lukindo hupita kati ya mashine kuhakikisha, na yeye hutazama mikono tu. Nyuso hatazami. Alituambia siku ya kwanza kwamba nyuso zinachanganya.

Basi sisi wanawake tukawa na desturi yetu, tunaiita kubebana. Mwenzio akichelewa, unamchukulia glavu zake msumarini. Mkono wa kushoto unavaa glavu yako, wa kulia unavaa yake, na mbili zinazobaki unazitia kifuani, ambako Bwana Lukindo, kwa heshima zake, hatazami. Akipita anaiona namba yako, anaiona na ya mwenzio, anatia alama, anaendelea. Miaka mitatu niliyofanya kazi pale, sikuona siku ambayo mtu hakuhudhuria. Tulipewa kombe.

Asubuhi ile Havijawa alinipigia simu. Havijawa ndiye namba arobaini na nane. Tunafanya kazi mashine moja, na tangu nilipoanza yeye ndiye aliyekuwa akinisemea. Mimi ni mtu wa haya. Niliacha shule darasa la tano, na ilipita miezi miwili kabla mwalimu hajajua kwamba sipo. Havijawa hajawahi kukosekana mahali watu wasijue.

"Zamda, mdogo wangu, nibebe leo," alisema. "Mtoto amechemka kama chai. Niko foleni zahanati, na mbele yangu kuna watu kumi na mbuzi mmoja."

"Haya, dada," nikasema.

Mashine yetu hukata bati kwa duara. Mbele ya kisu kuna kinga ya chuma, ili mkono usifike. Siku ile kinga haikuwepo. Ilikuwa imepelekwa mji mkuu kwenye Maonyesho ya Taifa ya Usalama Kazini, ambako, tulisikia baadaye, ilipata nafasi ya pili. Bati lilikwama, nikalivuta kama tunavyolivuta siku zote, nalo likachomoka ghafla na kunipitia kiganjani. Maumivu hayakuja kwanza. Kwanza nilisikia glavu inachanika.

*

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa limefungwa kwa kufuli, lisije likachafuka. Wenzangu walinifunga kwa upande wa kanga, wakanikalisha stoo. Bwana Lukindo akaja, akafunga mlango, akakaa juu ya rundo la vifuniko.

"Zamda," alisema kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nikajua kwamba jina langu analijua. "Unaelewa hali ilivyo?"

Nikatikisa kichwa.

"Aliyeumia ni arobaini na nane. Nimekwisha kuandika, na karatasi ya ajali haifutwi. Ukiifuta, inahesabiwa ajali ya pili. Sasa ukienda kusema mkono ni wako, utaulizwa glavu ya mwenzio uliivaaje. Huo ni wizi wa mahudhurio. Mtafukuzwa wote wawili na fidia hakuna. Lakini ukinyamaza, fidia ipo."

Nilifikiri kidogo. "Itakuja kwangu?"

"Itakwenda kwa Havijawa. Lakini ipo. Nchi nyingine haipo kabisa."

Mara Havijawa akaingia, mtoto mgongoni, anahema. Aliutazama mkono wangu, akaitazama kanga, akakaa chini sakafuni akalia. Kisha akajifuta kwa mtandio, akamgeukia msimamizi.

"Lukindo, wewe mtu una roho gani? Damu yote hii hukuiona, ukaona namba?"

"Damu haina namba, mama," alisema Bwana Lukindo, tena kwa masikitiko.

Akatoka. Havijawa akanisogelea. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Usiseme neno. Niache niandikwe mimi. Hiyo barua ya matibabu nitakwenda kuichukua mimi, nikishaipata nakupa wewe. Barua ni karatasi tu. Karatasi nikikupa itakukataa?"

"Haya, dada," nikasema. Wenzetu wote wakaona hiyo ni akili kubwa, na mimi pia niliona hivyo.

*

Daktari wa hospitali anaitwa Mwinyikai. Alinisafisha jeraha, akanishona ngozi, kisha akaniambia nikunje vidole. Kidole gumba kilikunjika. Cha shahada kilikunjika. Vile vitatu vingine vilibaki vimenyooka, kana kwamba havikuambiwa kitu.

"Kano zimekatika," alisema. "Hizi kamba za ndani zinazovuta vidole. Zinashoneka, na mimi ninajua kuzishona. Lakini iwe ndani ya siku kumi na nne. Zikipita, kano zinarudi ndani, na vidole hivi vitatu havitakunjika tena mpaka unakufa."

"Mshone leo, daktari," alisema Havijawa.

"Ameumia wapi? Nyumbani au kazini?"

"Kazini."

Daktari akaweka mkasi chini. "Ungesema nyumbani ningeanza sasa hivi. Wa kazini ni wa Mfuko wa Fidia. Siwashoni bila barua yao."

"Basi ameumia nyumbani!"

"Umekwisha kusema kazini, na nesi amekwisha kuandika." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Mwenzangu alimtibu mtu wa kiwandani bila barua. Walimhamishia kituo cha afya ambacho bado hakijajengwa. Kila asubuhi anaripoti porini."

Kumi na nne ni nyingi, tukasema njiani. Mtu anaweza kupata barua ishirini kwa siku kumi na nne.

*

Ofisi za Mfuko wa Fidia ziko ghorofa ya sita na ngazi ni za kupanda kwa miguu. Siku ya ufunguzi Waziri alieleza kwamba hilo lilifanywa kwa makusudi, ili wananchi walioumia miguu wasipoteze moyo wa kupanda. Karani anayepokea watu anaitwa Bi Eufrasia. Ni mtu mpole, na sauti yake inakufanya uone aibu kwa kuumia.

"Majeruhi ni nani?" aliuliza.

"Mimi," akasema Havijawa.

"Na huyu anayevuja damu?"

"Amenisindikiza."

Bi Eufrasia akaandika: msindikizaji. "Mwambie asivujie kwenye zulia. Naomba mkono wa majeruhi."

Havijawa akauweka mkono wake wa kulia mezani. Bi Eufrasia akautazama upande huu na upande huu, akaubonyeza, akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Mkono uko katika hali nzuri sana. Hongera, mama. Wengi wanatuletea mikono iliyoharibika, hata mtu unashindwa kunywa chai."

"Asante. Sasa nipe barua."

"Barua hupewa majeruhi anayeielewa fidia. Huko nyuma watu walilipwa bila kuelewa, wakaishia kutibiwa tu. Lazima uhudhurie semina. Ya karibuni ni Jumatatu."

"Dada yangu, leo ni Jumanne! Mkono una siku kumi na nne, na moja imekwisha."

Bi Eufrasia aliinua macho. "Mkono upi?"

Havijawa akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Huu," akasema, akainua wa kwake.

"Huo utafika salama," alisema Bi Eufrasia kwa upole, akamwita anayefuata.

*

Kwa kuwa kwenye kumbukumbu mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima, kesho yake nilitakiwa kazini. Na kwa kuwa Havijawa alikuwa amepewa mapumziko ya majeruhi kwa amri, na mashine yetu ni ya watu wawili, niliandikiwa kazi yake pia. Nilivuta bati kwa mkono wa kushoto. Ijumaa nilipewa onyo la uzembe. Nililitia saini kwa kushoto, na kwa sababu saini haikufanana na ile ya zamani nikapewa onyo la pili, la kughushi.

Havijawa alikuja kila mchana na chakula, akanikatia nyama vipande vidogo. Akiona Bwana Lukindo anakuja alikuwa akijikumbusha kushika mkono wake na kukunja uso.

"Unaigiza vizuri, mama," Bwana Lukindo alimwambia siku moja.

"Naigiza nini? Nimeumia, umeandika mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo. Nilitaka kusema unaumia vizuri."

*

Semina ilifanyika ukumbi wa mkoa. Kila mmoja alipewa kitabu kinachoitwa Ijue Fidia Yako. Kina kurasa arobaini. Kurasa thelathini na sita ni salamu za viongozi na picha zao. Mimi husoma polepole, kwa kidole, lakini nilikisoma chote kwa sababu nilitaka sana kuelewa. Ukurasa wa thelathini na saba unasema kwamba maelezo kuhusu fidia yatatolewa katika kitabu kingine. Kurasa tatu za mwisho zimeachwa wazi kwa ajili ya kuandika shukrani.

Mtaalamu alikuwa ametoka makao makuu. Alivaa suti yenye rangi ya maziwa na alizungumza kwa saa tatu.

"Fidia ni nini?" alituuliza, na akajibu kabla hatujamharibia. "Ndugu washiriki, fidia si malipo. Mwenye kudhani fidia ni malipo hajaielewa. Fidia ni upendo wa serikali uliopigwa muhuri! Kidole kimoja kikianguka chini katika nchi hii, serikali nzima husikia. Haisemi, lakini husikia. Makofi tafadhali!"

Ukumbini tulikuwa watu kama sabini. Wengine walikuwa na mkono mmoja, wengine mikono iliyofungwa, wengine walihitaji mikono kujishikilia kwenye magongo. Ikasikika sauti kama ya mvua iliyotaka kunyesha ikaghairi. Mtaalamu akakunja uso. Akatafuta mtu mzima wa viungo ukumbini, na kwa beji yangu ya msindikizaji akaniona.

"Wewe, msindikizaji! Hawa wana sababu. Wewe una nini?"

Nilisimama. Nikapiga paja kwa mkono wa kushoto.

"Kwa mikono miwili! Serikali inakutambua una mikono miwili."

Nilipiga. Nilipiga mara tatu, mshono ukaachia kidogo. Mtaalamu aliyaona machozi yangu, akawaambia wengine wajifunze uzalendo kwa binti huyu.

Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja wa mguu mmoja aliinua gongo. "Bwana mkubwa, mimi niliangukiwa na gogo nikiwa kazini. Waliokutangulia wawili wote nimewauliza, na wewe nakuuliza. Fidia yangu itafika lini?"

"Swali zuri sana," alisema mtaalamu. "Anayefuata."

Mwisho tulipewa vyeti vya kuielewa fidia. Cha Havijawa kiliandikwa Mhitimu. Changu kiliandikwa Alikuwepo pia.

*

Barua ilipatikana Ijumaa, siku ya kumi na moja, ikiwa na mihuri mitano. Havijawa alishuka ghorofa zote sita anakimbia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia, Zamda? Leo unashonwa!"

Tulifika hospitali saa tano. Akanisukumia ndani, akaiweka barua mbele ya Daktari Mwinyikai.

"Mgonjwa huyu hapa. Barua hii hapa. Shona."

Daktari alisoma. Alipomaliza alirudia. "Inasema, mkono wa kulia wa Havijawa, ukiwa bado kwenye mwili wa mwenyewe."

"Havijawa ni mimi, lakini barua nimempa yeye. Nimemwachia kwa moyo mmoja."

"Barua hii haiachwi, mama. Na huyu bwana ametumwa kuhakikisha."

Kwenye kona alikaa mtu mfupi mwenye kofia ya Mfuko wa Fidia. Sikuwa nimemwona. Akainua kofia kutusalimu.

Havijawa akauinua mkono wake. "Daktari, mkono wangu mzima! Tazama!" Akakunja vidole, akavikunjua, akapiga meza mpaka chupa ya spiriti ikaruka. "Una kasoro gani huu?"

"Wote husema hivyo wakiona mkasi," alisema mtu wa kofia, akaandika.

Daktari aliikunja barua, akaiweka mezani. Halafu alimwambia Havijawa akae, akaanza kumfunga plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Alipokuwa akizungusha alizungumza na mimi bila kunitazama, kwa sauti ya chini.

"Barua inataka niupasue. Nimekataa kupasua mkono mzima, na hiyo ndiyo nguvu yote niliyonayo. Jina linabadilishwa na Bodi peke yake. Bodi inakaa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya kumi na nne. Mkiniletea karatasi yenye jina lako kabla ya saa kumi jioni, nitakushona. Mtanikuta nimekwisha kunawa."

Tulipotoka nje, watu waliiona plasta. Mama muuza maandazi alisema pole, mlinzi wa geti akasema pole sana, kijana mmoja akampisha Havijawa kwenye benchi. Mwanamke mwingine akampokea mtoto. Mimi nilibeba mkoba wake, kwa sababu yeye hakuweza.

"Jumatatu nasema," aliniambia, macho mekundu. "Nawaambia ukweli wote, tangu glavu mpaka mwisho. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, nitauza hata maji. Wewe kaa kimya tu. Kazi ya kusema niachie mimi."

"Haya, dada."

*

Bodi ina wajumbe watano. Wanne wanasikiliza na mmoja analala. Yeye aliteuliwa kuwakilisha wananchi wasioweza kufika. Mwenyekiti ni mtu mzima mwenye sauti nzito, na kabla ya kuanza alisafisha miwani.

"Bodi inasikitika kutangaza jambo moja," alisema. "Wiki iliyopita walifika hapa watu wawili wakadai kwamba mmoja wao ndiye aliyeandikwa na mwingine ndiye aliyeumia. Wamefungwa miaka miwili. Wote. Bodi haikupenda kubagua. Sasa tuendelee. Namba arobaini na nane!"

Havijawa alisimama. Mtoto alikuwa amemshika sketi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

"Majeruhi, mkono unauma?"

Nilimtazama. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona Havijawa akitafuta neno. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaitazama plasta yake kana kwamba imeandikwa jibu.

"Unauma, mheshimiwa," akasema.

"Sana?"

"Sana."

"Pole sana, mama. Kaa. Kuna shahidi?"

Mtu wa kofia akanionyesha kwa kalamu. Nilisimama, mkono wangu nikauficha ndani ya kanga.

"Shahidi, wewe uliuona mkono ukiumia?" aliuliza Mwenyekiti.

"Niliuona."

"Ulikuwa umbali gani na mkono huo? Hatua ngapi?"

"Hakuna hatua."

"Kwa hiyo ulikuwa karibu."

"Karibu, mheshimiwa."

"Karibu sana?"

"Sana."

Wajumbe wakaandika. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na ulifanya nini kumsaidia majeruhi?"

"Nililia."

"Vizuri. Huo ndio mshikamano wa wafanyakazi. Ulijisikiaje kumwona mwenzako katika hali ile?"

Nilisema, "Niliumia, mheshimiwa."

"Andikeni hivyo. Shahidi aliumia rohoni." Akafunga jalada, kisha akalifungua tena, kwa sababu utaratibu unataka aulize. "Una la kuongeza?"

Mjumbe aliyelala aliacha kukoroma. Havijawa aliinamisha kichwa. Niliiona shingo yake tu, na mtoto anachezea ncha ya plasta. Saa ilikuwa nane na dakika arobaini. Kutoka pale mpaka hospitali ni mwendo wa nusu saa.

"Sina, mheshimiwa," nikasema.

Uamuzi ulisomwa papo hapo. Havijawa alitangazwa Majeruhi wa Mfano wa mwaka. Plasta yake, kwa kuwa sasa ni kielelezo, haitatolewa bila kibali cha Waziri. Fidia atalipwa mara itakapothibitika kwamba mkono haukupona, na mkono utapimwa mara plasta itakapotolewa. Shahidi apewe barua ya pongezi kwa utulivu wake. Kisha tukapigwa picha, na kupanga watu kwa ajili ya picha kulichukua muda mrefu kuliko shauri lenyewe.

Tulipotoka ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Havijawa aliketi kwenye ngazi, akauweka uso kwenye plasta.

"Zamda, wangenifunga. Huyu ningemwacha na nani? Niambie. Ningemwacha na nani?"

"Najua, dada."

"Nichukie."

"Sikuchukii."

Tulikwenda hospitali hivyo hivyo, bila karatasi. Nesi alituambia daktari alingoja mpaka saa kumi na moja. Alinawa mara tatu. Kisha mtu wa kofia akaja kumwuliza anamngoja nani, na ikabidi avae koti aondoke.

*

Miezi minane imepita. Vidole vyangu vitatu vimenyooka na havinisikii. Kikombe nashika kwa kushoto, nywele nasukwa na jirani, na haya nimeyaandika kwa mkono huohuo wa kushoto, ambao serikali haina shaka kwamba ni wangu. Kiwandani wamenihamishia kufagia. Kinga ya mashine imerudi kutoka kwenye maonyesho, ikiwa na utepe, nayo imetundikwa ofisini kwa Bwana Lukindo.

Havijawa hupelekwa kwenye sherehe. Hukaa mstari wa mbele na plasta yake, viongozi humshika bega, na yeye hutabasamu kwa sababu picha inapigwa. Plasta imeanza kunuka. Aliniambia wiki iliyopita kwamba ndani yake vidole vimekuwa vigumu, hana hakika kama vitakunjika. Tulikaa pamoja mlangoni kwake, mikono yetu miwili ya kulia imelala mapajani. Alizungumza mambo mengine, mimi nikasikiliza.

Mara nyingi nikifagia huwa nasimama na kurudi kwenye kile chumba. Mwenyekiti anaondoa miwani, ananiuliza kama nina la kuongeza. Nilimwambia sina. Nilikuwa nalo. Halikuwa refu, na mpaka leo sijamwambia mtu yeyote, hata Havijawa, hata daktari aliyekuwa akinawa.

Mheshimiwa, Havijawa hakuwepo siku ile. Niliyekuwepo ni mimi. Mkono ni wangu, na nilikuwa nautaka.